Vifaru Prague, 1968: laana za dunia zilimuuma nani?

Swali: "Nafundisha historia kidato cha sita hapa Iringa. Kila tunapofika kwenye uvamizi wa Chekoslovakia wanafunzi huniuliza jambo lile lile. Nchi nyingi zililaani, Umoja wa Mataifa ukakaa vikao, lakini majeshi hayakuondoka. Sasa kulaani kulikuwa na faida gani, au zilikuwa kelele za chura tu? Wanataka pia kujua Tanzania, nchi ya kijamaa, ilisimama wapi. Na jambo dogo: kitabu kimoja kinasema ziliingia nchi tano, kingine nne. Kipi ni kweli?"

Jibu:

Mwalimu, kama kipimo cha wanafunzi wako ni vifaru kurudi nyuma, basi laana zile hazikufaa kitu. Askari wa mwisho wa Kisovieti aliondoka Chekoslovakia mwezi Juni 1991, karibu miaka 23 baadaye. Lakini nina ugomvi kidogo na jinsi vitabu vyetu vinavyoipanga habari hii: Magharibi ilipinga, Mashariki iliunga mkono, basi. Ukiipanga hivyo umeitupa sehemu yenye maana. Magharibi ilisema kile ambacho Moscow ilijua itasema, na gharama yake ilikwisha kuhesabiwa. Waliomuuma Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, ni wa nyumbani kwake: vyama vya kikomunisti, nchi za kijamaa, na mataifa maskini yaliyokuwa yakiuita Umoja wa Kisovieti rafiki wa wanyonge. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwanza tukumbushane tukio kwa ufupi. Januari 1968 Alexander Dubček alishika uongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Chekoslovakia badala ya Antonín Novotný. Aprili chama kikatoa programu ya mageuzi, na Juni sheria ikafuta udhibiti wa magazeti. Dubček hakuwa anauacha ujamaa wala hakuomba kutoka katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa Moscow na nchi za kijamaa za Ulaya Mashariki. Alitaka, kwa maneno yaliyozoeleka wakati ule, ujamaa wenye sura ya kibinadamu. Viongozi wa Kisovieti, pamoja na Gomułka wa Poland na Ulbricht wa Ujerumani Mashariki, waliona kwamba magazeti yakiwa huru Prague, watu wa Warsaw na Berlin watauliza kwa nini wao hawana. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti majeshi yakavuka mpaka, na vifaru vyapata 2,000. Jeshi la Chekoslovakia liliamriwa lisipigane. Raia walibaki wakibishana na askari barabarani kwa Kirusi walichofundishwa shuleni, wakang'oa vibao vya majina ya mitaa ili wageni wapotee. Hadi mwisho wa mwaka raia 137 walikuwa wamekufa kwa sababu ya uvamizi huo.

Sasa twende New York. Baraza la Usalama lilikuwa na rasimu ya azimio la kulaani, na kura zilikwenda hivi: 10 ndiyo, 2 hapana (Umoja wa Kisovieti na Hungaria), na nchi 3 hazikuelemea upande wowote, yaani India, Pakistan na Algeria. Kura ya turufu ya Moscow ikaliua azimio. Waonyeshe wanafunzi wako kwamba kati ya zile 10 zilikuwamo Ethiopia na Senegal. Waambie pia kwamba India ilisutwa na watu wake wenyewe: waziri mmoja, Ashok Mehta, alijiuzulu kwa sababu serikali ya Indira Gandhi ilikataa hata kutamka neno "kulaani". Delhi ilihitaji silaha za Kisovieti, na wanaotegemea silaha za mtu huchagua maneno.

Mwaka 1956, Hungaria ilipovamiwa na Wasovieti, kura ya turufu haikumaliza mambo. Suala lilihamishiwa Baraza Kuu na likajadiliwa kwa miezi. Kwa nini 1968 halikwenda huko? Hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu. Tarehe 24 Agosti waziri wa mambo ya nje wa Chekoslovakia, Jiří Hájek, alisimama mbele ya Baraza la Usalama akasema hakuna mtu wa serikali yake aliyeyaalika majeshi hayo. Siku tatu baadaye, serikali yake hiyo hiyo iliomba suala liondolewe kwenye ajenda. Katikati ya siku hizo Dubček na wenzake, waliokamatwa na kupelekwa Moscow, walikuwa wametiishwa watie saini makubaliano, na sharti mojawapo lilikuwa hilo hilo: suala litoke Umoja wa Mataifa. Ni mmoja tu aliyekataa kutia saini, daktari František Kriegel. Kwa hiyo mwanafunzi akisema dunia ilinyamaza mapema mno, mjibu kwamba mdomo wa mlalamikaji mwenyewe ulikuwa umezibwa. Ni vigumu kumtetea mtu anayeshurutishwa kusema hana kesi.

Kuhusu huo "mwaliko", ulikuwepo. Wakomunisti watano wa msimamo mkali, akiwamo Vasil Biľak, waliandika barua ya siri kuomba msaada wa kijeshi, na barua hiyo ilikabidhiwa kwa upande wa Kisovieti chooni wakati wa mkutano wa Bratislava mwanzoni mwa Agosti. Kwa miaka mingi haikuonekana. Mwaka 1992 Boris Yeltsin aliikabidhi kwa Prague.

Washington sitakaa sana. Jioni ya tarehe 20 balozi Anatoly Dobrynin alikwenda Ikulu ya Marekani kumsomea Rais Johnson taarifa ya Moscow. Johnson alisikiliza, kisha akahamia kwenye jambo lililokuwa moyoni mwake, safari yake ya kwenda kuzungumza na Wasovieti kuhusu silaha za nyuklia, ambayo ilikuwa itangazwe kesho yake. Dobrynin mwenyewe alishangaa. Ni baadaye usiku ule, washauri walipoketi, ndipo tangazo lilipofutwa. Marekani ilikuwa na askari zaidi ya 500,000 Vietnam, uchaguzi ulikuwa Novemba, na miaka mitatu nyuma ilikuwa imepeleka wanajeshi wake Jamhuri ya Dominika kwa sababu zinazofanana kwa namna isiyopendeza. Kila mjumbe wake alipofungua kinywa kusema habari za mamlaka ya mataifa madogo, upande wa pili ulikuwa na jibu mfukoni.

Zdeněk Mlynář, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Chekoslovakia waliopelekwa Moscow, alisimulia baadaye kwamba Brezhnev aliwaambia tayari alikuwa amehakikishiwa na Johnson kwamba Marekani inaheshimu mipaka ya Yalta na Potsdam, mikutano ya 1945 ambako wakubwa walipanga hali ya Ulaya baada ya vita. Mimi siichukui kauli hiyo neno kwa neno. Brezhnev alikuwa anawavunja moyo mateka wake, na mtu katika kazi hiyo huongeza chumvi. Lakini matendo ya Magharibi hayakuikanusha. Ujerumani Magharibi ilihamisha mazoezi ya kijeshi yaliyokuwa yafanyike karibu na mpaka wa Chekoslovakia, ili isionekane inachokoza. Rais de Gaulle wa Ufaransa alilaumu, kisha akasema chanzo ni mgawanyo wa Yalta, mkutano ambao Ufaransa haikualikwa. Waziri wake wa mambo ya nje, Michel Debré, anakumbukwa kwa kuuita uvamizi ule ajali ya njiani katika safari ya maelewano. Mazungumzo ya silaha yaliahirishwa, yakaanza Novemba 1969. Miezi 15 tu. Willy Brandt akawa kansela wa Ujerumani Magharibi mwaka huo huo, na Agosti 1970 alitia saini mkataba na Moscow.

Sasa turudi kwa wa nyumbani, maana hapa ndipo penye nyama.

Tarehe 21 Agosti Nicolae Ceaușescu, kiongozi wa Romania, alisimama kwenye roshani mjini Bucharest, mbele ya umati mkubwa, akauita uvamizi kosa kubwa na hatari kwa amani ya Ulaya. Romania ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Warsaw, na ilikuwa imekataa kushiriki. Akatangaza wananchi wapewe silaha, na wanamgambo wakaundwa. Watu waliomchukia siku iliyotangulia walilia kwa fahari. Magharibi ikamfungulia milango. Rais Nixon wa Marekani alimtembelea Bucharest mwaka uliofuata. Hapa nawaomba walimu wasimfanye Ceaușescu mpenda mageuzi. Hakutaka hata kidogo magazeti huru wala mijadala ya Prague ndani ya nchi yake. Alichotetea ni haki yake ya kutawala bila kuulizwa na Moscow, na Waromania walilipia sifa ile kwa miaka 21.

Albania ilikwenda mbali zaidi: Septemba 1968 ilijitoa rasmi katika Mkataba wa Warsaw. Nchi pekee iliyotoka kwa sababu ya uvamizi ilikuwa ile iliyomwona Dubček naye msaliti wa ukomunisti. China vivyo hivyo. Tarehe 23 Agosti waziri mkuu wake, Zhou Enlai, kwenye hafla ya ubalozi wa Romania mjini Beijing, aliwashambulia viongozi wa Kisovieti kwa maneno makali kuliko yoyote yaliyotoka London, na shutuma ya "ubeberu wa kijamaa" ikaanza kusikika kila mahali. Beijing haikuwa na huruma na Prague. Ilichokiona ni kwamba nchi yenye mpaka mrefu nayo sasa inadai haki ya kuingia kwa jirani kurekebisha ujamaa wake. Machi 1969 askari wa Kisovieti na wa China walipigana kwenye mto Ussuri, mpakani mwao. Februari 1972 Nixon alikuwa Beijing. Uvamizi wa Prague haukuwa sababu pekee ya mambo hayo, uadui ulikuwa wa miaka mingi, lakini uliwapa Wachina sababu ya kumwogopa jirani kuliko adui wa mbali. Ukitafuta gharama halisi ambayo Moscow ililipa, ianzie hapa.

Kisha kuna vyama vya Ulaya Magharibi. Chama cha Kikomunisti cha Italia, kikubwa kuliko vyote upande ule, kilikuwa kimepata karibu asilimia 27 ya kura Mei 1968. Kilitangaza kutokubaliana na uvamizi, na hakikurudi nyuma. Kule Ufaransa chama nacho kilikemea, kisha kikalegeza, na mwanafalsafa wake Roger Garaudy, aliyeendelea kupiga kelele, akafukuzwa mwaka 1970. Mnamo 1969 Enrico Berlinguer wa Italia alisimama Moscow kwenyewe, katika mkutano wa vyama vya dunia, akakubali kutia saini sehemu moja tu ya tamko la mwisho. Kwa mtu wa nje hayo ni mambo ya itifaki. Kwa Moscow, iliyokuwa imezoea kusema kwa niaba ya wakomunisti wote duniani, hilo lilikuwa pigo ambalo Baraza la Usalama lisingeweza kulitoa.

Cuba iwe somo peke yake. Hotuba ya Fidel Castro ya tarehe 23 Agosti hutajwa kama "aliunga mkono". Aliunga mkono, ndiyo, lakini kwa njia ya ajabu. Alikubali wazi kwamba uvamizi haukuwa na msingi wowote wa kisheria na kwamba mamlaka ya nchi yamevunjwa. Akasema hata hivyo ulikuwa wa lazima, kwa kuwa Chekoslovakia ilikuwa inateremka kwenda kwenye ubepari. Halafu akageuza kibao: je, majeshi ya Mkataba wa Warsaw yatatumwa pia Vietnam, Korea au Cuba, mabeberu wakizivamia? Mwaka ule Cuba ilikuwa na upungufu wa mafuta, na mafuta yalitoka kwa Wasovieti. Mpe mwanafunzi hotuba ile aichambue. Atajifunza zaidi kuhusu nchi ndogo na mfadhili wake kuliko kwenye sura nzima ya kitabu.

Vietnam Kaskazini iliunga mkono kwa sababu ambayo haihitaji maelezo marefu: silaha. Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini nacho kiliunga mkono, na hilo linatuleta nyumbani, kwa sababu mshirika wake, ANC, alikuwa na makao yake Morogoro.

Tanzania ililaani. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa kauli ya wazi bila kuuma maneno, na vijana wakaandamana Dar es Salaam hadi ubalozi wa Kisovieti. Hii ilikuwa miezi 18 baada ya Azimio la Arusha, kwa hiyo swali la wanafunzi wako lina msingi: nchi ya kijamaa inawezaje kuwalaani wajamaa wakubwa? Naona sababu mbili, na ya kwanza ni ya kanuni. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia. Ilipinga vita vya Wamarekani Vietnam. Nchi iliyojijengea jina kwa kusema kwamba mkubwa hana haki ya kumwamulia mdogo isingeweza kunyamaza mkubwa alipokuwa mjamaa. Ingekuwa imemkabidhi kila mkoloni wa zamani fimbo ya kuipigia. Kwa Nyerere ujamaa na uhuru wa taifa havikutenganishwa, na Dubček alikuwa anajaribu kitu ambacho Dar es Salaam nayo ilikuwa inakijaribu kwa njia yake, yaani ujamaa usioagizwa kutoka nje.

Sababu ya pili ni ya mfukoni, na wasomi wetu huiruka kwa sababu haipendezi. Tanzania iliweza kusema kwa sababu Moscow haikuwa imeishika pabaya. Msaada wake mkubwa ulikuwa unakuja kutoka China, iliyokuwa imekubali mwaka 1967 kujenga reli ya kwenda Zambia, na China ilikuwa inashangilia kila anayewatukana Wasovieti. Linganisha na Misri, iliyopoteza jeshi lake katika vita vya Juni 1967 na ilikuwa inajazwa silaha upya na Wasovieti, Nasser hakulaani. Hii haipunguzi uzito wa kauli ya Nyerere. Inaeleza tu kwa nini watu wenye kanuni zile zile hawakusema maneno yale yale. Na usisahau kwamba Dar es Salaam ile ile iliendelea kuwapokea wapigania uhuru wa Kusini ambao bunduki zao zilitoka Moscow. Serikali iliishi na mgongano huo bila kuutatua, na sidhani ingeweza kuutatua.

Kuna sauti nyingine ambazo haziingii kwenye orodha ya "mwitikio wa kimataifa" kwa sababu hazikuwa za serikali. Tarehe 25 Agosti watu 8 waliketi kwenye Uwanja Mwekundu mjini Moscow na mabango ya kupinga. Mmoja wao, mshairi Natalya Gorbanevskaya, alikuja na mtoto wake mchanga kwenye kigari. Walikamatwa ndani ya dakika chache, na wengine wakaishia gerezani, uhamishoni, au katika hospitali za wagonjwa wa akili. Tarehe 8 Septemba, kwenye sherehe za mavuno katika uwanja wa michezo wa Warsaw, Mpoland aitwaye Ryszard Siwiec alijichoma moto mbele ya umati na viongozi wa nchi, akipinga majeshi ya nchi yake kushiriki. Bendi iliendelea kupiga, na habari ikazimwa kwa miaka. Miezi minne kabla ya mwanafunzi wa Kicheki, Jan Palach, kufanya hivyo Prague, Januari 1969, Mpoland alikuwa amelifanya kwa ajili ya Wacheki, na Wacheki hawakujua.

Basi, je, faida? Kwa Dubček hakuna. Aprili 1969 Gustáv Husák alichukua nafasi yake na kila kilichofunguliwa kikafungwa. Wala laana hazikuitia Moscow aibu ya kutosha. Novemba 1968 Brezhnev alitangaza mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Poland kwamba ujamaa ukitishiwa katika nchi moja, hilo ni suala la nchi zote za kijamaa. Lakini mpasuko haukuzibika. Mwaka 1975 Wasovieti walitaka sana mipaka ya Ulaya itambuliwe kwa maandishi, na kule Helsinki wakakubali kutia saini pamoja na vifungu vya haki za binadamu walivyodhani ni mapambo. Januari 1977 raia wa Chekoslovakia wakavishika vifungu hivyo wakaandika Hati ya 77, tamko la kudai haki hizo. Miongoni mwa wasemaji wake watatu wa kwanza, pamoja na Václav Havel na Jan Patočka, alikuwamo Jiří Hájek, yule yule aliyesimama New York Agosti 1968. Mwaka 1987 msemaji wa Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti wakati ule, Gennadi Gerasimov, alipoulizwa kuna tofauti gani kati ya mageuzi ya bosi wake na yale ya Prague, alijibu: miaka 19. Na tarehe 4 Desemba 1989, wakiwa Moscow, viongozi wa nchi zilizovamia walitoa tamko kwamba kitendo kile kilikuwa kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine.

Nimebakiza lile dogo la nchi tano au nne. Waliosaini barua ya vitisho ya Julai kwa Prague walikuwa watano: Umoja wa Kisovieti, Poland, Hungaria, Bulgaria na Ujerumani Mashariki. Divisheni mbili za Ujerumani Mashariki ziliwekwa tayari karibu na mpaka, lakini dakika za mwisho zikazuiwa, kwa hofu ya jinsi Wacheki wangepokea buti za Kijerumani miaka 29 tu baada ya Hitler kuingia Prague. Waliovuka walikuwa maofisa wachache wa mawasiliano. Magazeti ya Ujerumani Mashariki yaliachia wasomaji waamini kwamba jeshi lao limo, na vitabu vingi vikanakili. Kwenye mtihani, kubali "nchi tano ziliafikiana" na ukubali "majeshi ya nchi nne yaliingia". Mwanafunzi akiandika kwamba majeshi ya nchi tano yaliingia, mkate alama moja.